Bei ya Vitunguu

Umeme umekatika tena Isevya, saa mbili na robo,
nami niko ukurasa wa mia na kumi na tatu
wa riwaya ya Ruhama Sabati,
mwanamke nisiyewahi kumwona
ila kwenye picha, jalada la nyuma:
miwani, shingo ndefu, kidole kimefungwa plasta.

Plasta hiyo imenishughulisha
kuliko tuzo zote zilizopangwa chini yake.
Alijikata na nini?

Maisha yake nimeyaokota kidogo kidogo,
kama mtu aokotavyo mchele uliomwagika gizani:
mama alitoka Baghdadi na sanduku moja,
akafua mashuka ya hoteli hadi vidole vikapauka,
akiimba Kiarabu chini chini, dirisha limefungwa.
Binti akaandika Kiebrania.
Mama hakujua kukisoma.
Vitabu vinne vilimpita hivyo, vimefumba midomo,
naye akivipangusa vumbi kila Ijumaa
kama anayenawisha uso
wa mtoto asiyemwelewa.

Mimi Kiebrania nilipewa na baba,
Mchungaji Kasubi wa Moraviani,
aliyekipata chuoni kwa kamusi ya kuazima,
akanifundisha mezani kwa maharage:
punje tatu kwa kila mzizi wa neno.
Kiebrania chake kilikuwa cha moto na farasi,
cha ole wenu, na milima kuyeyuka kama nta.

Nikamsomea ukurasa wa kwanza wa Ruhama.
Mwanamke yuko sokoni, anabishania vitunguu.
Baba akavua kofia.
"Lugha ya Isaya," akasema, "inauliza bei ya vitunguu?"
Inauliza, baba. Na inapunguziwa.
Akanuna siku tatu.
Ya nne akaja na kiti chake mwenyewe.
"Haya. Alivipata?"

Sasa tumekwama wote wawili.
Yule mwanamke anabandua plasta ya ukuta wa jiko
na ndani yake anakuta ufunguo
wa watu walioishi humo kabla,
walioondoka, au walioondolewa;
kitabu hakisemi, kinauacha tu
mezani, kando ya chumvi, sura nzima.
Halafu anaandika neno moja, nukta: bayit.

Bayit ni nyumba.
Bayit pia ni ubeti wa shairi.
Nikiandika nyumba, ubeti unabomoka.
Nikiandika ubeti, watu wanalala nje.

Baba anapanga maharage kwa mwanga wa koroboi.
Nefesh, nafsi.
Dam, damu.
Rehem, tumbo la mzazi, na kwetu rehema...
Anasita. Punje imebaki mkononi.
"Kumbe ndilo jina lake huyu. Ruhama.
Aliyerehemiwa. Kama shangazi yako wa Urambo."
Shangazi Rehema, aliyechambua tumbaku
hadi viganja vikawa rangi ya chai,
aliyeshika barua zangu juu chini
na kusema, mwandiko mzuri, mwanangu.

Tunanyamaza kidogo.
Garimoshi la Kigoma linapiga honi, limechelewa kama desturi.

Nilimwandikia Ruhama, mwezi wa saba,
maswali tisa, kwa Kiebrania changu cha manabii.
Lazima alicheka: nilimwita *ewe binti*.
Akajibu mistari mitatu.
*Kidole ni kitunguu.
Kuhusu bayit sijui, niliandika usiku, mama amelala.
Kwenu, ufunguo wa nyumba isiyo yako tena unawekwa wapi?*

Nikamsomea mama jikoni, ambaye hakuna aliyemuuliza.
Hakugeuka. Akaendelea kukoroga.
"Wa Kwihara uko kwenye kopo la chumvi," akasema.
"Tangu tulipouza. Wewe ulidhani ni nini
kinachogonga ninapokung'uta?"

Miaka yote hiyo nimekula chumvi ya ufunguo ule.

Neno bado sijalipata.
Nimeacha pengo pale linapotakiwa kukaa,
na baba, kabla hajaenda kulala,
ameweka punje moja ya haragwe juu yake
ili upepo usiufunge ukurasa.